Saketi ya kujitengenezea na waya wa simu ya mezani

Kijana mmoja wa Kisauni ameniletea swali. Mjomba wake ana karakana ya useremala Changamwe, na simu ya mezani iliyo kwenye kijichumba cha ofisi haisikiki msumeno unaponguruma. Wateja hupiga, hawapokelewi, wanakwenda kwa fundi mwingine. Yeye amelehemu saketi ya Arduino (bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu) yenye rilei (swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme), na anataka iwashe taa kubwa nyekundu kila simu inapolia. Baadaye anataka apige simu hiyo usiku akiwa nyumbani, abonyeze tarakimu fulani, taa za ua ziwake. Amepima waya wa simu kwa multimita akakuta volti 48 za DC. Anauliza: "Fundi, nikiweka regyuleta ya 7805 hapo, si nitapata volti 5 za bure za kuendeshea saketi yangu, na waya huohuo unipe ishara simu ikilia? Kuna ubaya gani?"

Mwanangu, usiunge hivyo. Unachotaka kumfanyia mjomba wako kinawezekana chote, taa nyekundu na taa za ua pia, na nitakueleza njia mwisho wa jibu. Lakini waya ule una watu upande wa pili, na saketi yako haitakiwi kugusana nao chuma kwa chuma. Nataka uelewe sababu zake, kwa sababu fundi anayeelewa sababu hahitaji kukatazwa.

Tuanze na hizo volti 48. Zinatoka kwenye betri za kituo cha simu. Kwa desturi ni seli 24 za risasi na asidi, kila moja ya volti 2, na ndiyo maana simu ya waya huendelea kufanya kazi hata umeme ukipotea mtaa mzima. Upande chanya wa betri hizo umeungwa ardhini. Ukipima kila waya dhidi ya ardhi utakuta mmoja uko karibu na sifuri na wa pili unasoma hasi 48. Walioamua hivyo zamani walikuwa na sababu inayotugusa sisi watu wa pwani: unyevu unapopenya kwenye kebo, shaba iliyo chanya kuliko ardhi huliwa upesi, na iliyo hasi husalimika. Kwa hewa ya chumvi tuliyo nayo Mombasa, kebo za shaba zisingedumu kama betri zingegeuzwa.

Ulipopima, simu ilikuwa imetulia. Hiyo ni hali moja tu kati ya tatu. Mjomba anapoinua mkono wa simu, mkondo wa miliampea 20 hadi 50 hivi hupita, na zile volti 48 hushuka mpaka kama 6 au 10 hapo kwenye simu. Kituo hakijui kingine: mkondo ukipita, kinahesabu kuwa simu imeinuliwa, usipopita, simu imetua. Hali ya tatu ni simu inapolia, na hiyo ndiyo multimita yako haikuiona. Wakati huo kituo hupandisha juu ya zile 48 umeme wa AC wa volti 75 hadi 90, wa hezi 25 kwa mitambo iliyofuata mtindo wa Uingereza, hezi 20 kwa mtindo wa Marekani. Jumlisha kilele cha AC na zile 48 na unaweza kupita volti 170. Umeme huo unakurusha mkono. Ukikukuta juu ya ngazi, unakuangusha.

Sasa rudi kwenye 7805 yako. Regyuleta hiyo, kipuri kinachoshusha volti mpaka 5, imeundwa kupokea volti 35 kwa wingi wake. Kwa 48 iko hatarini tangu dakika ya kwanza, na mlio wa kwanza wa simu utaimaliza, pengine pamoja na Arduino iliyo nyuma yake.

Lakini tuseme umepata kibadilishaji kinachostahimili volti hizo zote. Bado mpango wa umeme wa bure unavunjika, na unavunjika mahali ambapo mjomba wako ataumia zaidi. Arduino peke yake hula makumi ya miliampea, na koili ya rilei ndogo ya volti 5 huongeza kama 70. Kituo kikiona hata sehemu ya mkondo huo, kinaamini kwamba simu imeinuliwa. Kitaleta mlio wa laini huru, kitasubiri namba, hakitapata, kisha kitaiweka laini kando. Kila mteja atakayepiga ataambiwa simu inatumika. Yaani kifaa ulichokitengeneza ili wateja wasipotee kitawafungia mlango wote, usiku na mchana, na pale karakana hakuna atakayejua. Kifaa kinachosubiri kwenye laini kinatakiwa kisionekane kabisa na kituo, upinzani wake wa DC uwe wa omu milioni na zaidi. Hakuna saketi inayojilisha hapo kwa raha na bado ikatimiza hilo.

Hiyo ni hasara ya pesa. Ninayoiogopa zaidi ni hii inayofuata, na vijana wengi hawaioni kwa sababu haimo kwenye mchoro wao.

Waya mbili za simu huenda kwa jozi, zimesokotwa pamoja, na kwa mteja hakuna hata mmoja unaoungwa ardhini. Usawa huo ndio unaofuta kelele: mngurumo wa hezi 50 unaotoka kwenye nyaya za stima huingia sawasawa kwenye waya zote mbili, na simu husikia tofauti kati ya waya hizo peke yake. Sasa wewe unaunga hasi ya Arduino kwenye waya mmoja wa simu. Arduino umeichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB ili uandike programu. Chaja ya kompyuta ina pini tatu, na chaja nyingi za namna hiyo huunganisha hasi ya kompyuta na waya wa ardhi wa jengo. Hujaona waya wowote wa ardhi kwenye saketi yako, lakini tayari umeufunga waya wa simu ardhini kupitia kompyuta. Usawa umekufa. Laini inaunguruma, mkondo wa betri za kituo unavujia ardhini, na kituo kinaweza kuihesabu laini hiyo kuwa ina hitilafu.

Hata hilo nalo lingevumilika. Chukua hatua moja mbele. Umemaliza majaribio, umeondoa kompyuta, unalisha Arduino kwa kichaja cha simu cha bei rahisi ulichonunua barabarani. Ndani ya kichaja kizuri kuna nafasi ya kutosha kati ya upande wa volti 240 na upande wa volti 5, na transfoma yake ndogo imefungwa tabaka za kutenganisha pande hizo. Ndani ya vichaja bandia nilivyofungua, nafasi hiyo mara nyingi ni milimita chache za bodi chafu. Unyevu wa masika na vumbi la mbao vikikaa hapo, siku moja volti 240 zinavuka. Zinapita kwenye Arduino, zinaingia kwenye jozi ya simu, na zinasafiri mpaka kwenye kisanduku cha mgao barabarani, ambako kuna fundi amefungua mlango na ameshika waya kwa mkono mtupu kwa sababu anajua ni waya za simu. Mtu huyo ana watoto. Hajawahi kuiona karakana ya mjomba wako.

Radi nayo huja kwa njia hiyohiyo, ikielekea kwako. Pwani hatuna radi nyingi kama Kisii au Kakamega, lakini kebo ya simu ni ndefu, na mpigo wa umeme ulioingia mbali unaweza kufika mezani kwako ukiwa umeinama juu ya bodi na pasi ya lehemu mkononi. Mvua ya ngurumo ikikaribia, acha kazi ya laini.

Basi watengenezaji wa simu wanavukaje? Wana mbinu mbili kubwa, nazo zinastahili kujifunza vizuri. Ya kwanza ni transfoma ya sauti, omu 600 kwa 600. Sauti ya mtu kwenye simu hukaa kati ya hezi 300 na 3400, na transfoma huipitisha kwa sumaku bila waya wa upande huu kugusana na wa upande ule, kama majirani wawili wanaozungumza kupitia kiambaza: maneno yanapita, mtu hapiti. Ya pili ni optokapla, ambayo ndani yake kuna kitaa kidogo upande mmoja na kipokea mwanga upande wa pili. Kwa kugundua mlio wa simu, mpangilio wa kawaida ni kapasita ya maikrofaradi 0.47 ya aina ya X2 (iliyotengenezwa kustahimili umeme mkubwa), inayozuia DC ya kituo, ikifuatiwa na rezista ya omu 10,000, kisha optokapla kama H11AA1 yenye vitaa viwili vilivyogeuziana migongo ili ifanye kazi kwa AC. Piga hesabu mwenyewe: kwa hezi 25 kapasita hiyo ina upinzani wa omu 13,500 hivi, ukichanganya na rezista unapata karibu 16,800, na volti 75 zitapitisha miliampea 4 na nusu. Inatosha kuwasha kitaa cha ndani, na simu ikiwa imetulia hakuna DC inayopita. Watu waangalifu huongeza dayodi mbili za zena zilizopingana, ambazo hazipitishi umeme mpaka volti zizidi kiwango fulani, ili mazungumzo na mibonyezo isiiamshe saketi bure.

Kupokea simu ni kazi kubwa zaidi. Lazima rilei ifunge mzunguko, mkondo wa kituo upite bila kuishibisha transfoma sumaku mpaka ishindwe kupitisha sauti, kuwe na vizuizi vya mpigo wa radi, kuwe na fyuzi, na sauti unayorudisha iwe sehemu ndogo ya volti moja. Ukisukuma sauti kubwa kutoka kwenye amplifaya, itavujia jozi za majirani ndani ya kebo, na watu wasiokujua watasikia saketi yako ndani ya mazungumzo yao.

Hapa ndipo sheria inapoingia, na sioni kama inamwonea mtu. Kenya ina Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998, na chini yake ziliwekwa kanuni mwaka 2010 kuhusu uingizaji, uidhinishaji na usambazaji wa vifaa vya mawasiliano. Kifaa kinachoungwa kwenye mtandao wa simu wa umma kinatakiwa kiwe kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Kuidhinishwa maana yake mtu amepima hayo niliyoyaeleza: utengano, mkondo, viwango vya sauti. Saketi ya mezani kwako, hata ikiwa nzuri, hakuna aliyeipima hivyo.

Marekani walibishana juu ya jambo hilihili kwa miaka mingi. Kampuni ya simu ya AT&T ilikuwa haimruhusu mteja kuunga kitu chochote kisicho chake. Mtu wa Texas aitwaye Thomas Carter alitengeneza kifaa kilichounganisha redio ya upepo na simu, kikaitwa Carterfone. Ulikuwa unaulaza mkono wa simu juu ya kifaa, sauti inapita hewani kati ya spika na maikrofoni, hakuna waya unaogusa laini. Kesi yake iliamuliwa na tume ya mawasiliano ya nchi ile mwaka 1968, na Carter akashinda: kifaa kisichodhuru mtandao kisizuiwe. Baada ya hapo, katika miaka ya 1970, wakaweka kanuni za kusajili vifaa vya kuungwa moja kwa moja. Nakutajia kisa hiki kwa sababu ya ile njia ya Carter. Alifanya kazi yake yote bila kuugusa waya, na wewe unaweza kufanya hivyohivyo.

Taa nyekundu kwanza. Tazama simu ya mjomba inapolia: simu nyingi za mezani zina kitaa kinachomweka. Chukua rezista ya mwanga, ile ambayo upinzani wake hushuka ikimulikwa, ibandike juu ya kitaa hicho na uifunike kwa tepu nyeusi mwanga wa nje usiingie. Iunge na rezista ya omu 10,000 kati ya volti 5 na hasi ya Arduino, usome volti za katikati. Msumeno ungurume utakavyo, rezista ya mwanga haisikii. Programu yako isubiri mimweko miwili au mitatu inayofuatana kabla ya kuwasha taa, kisha iizime kama sekunde sita zimepita bila mmweko. Ikiwa simu hiyo haina kitaa, gundisha kisahani cha piezo, kinachotoa umeme kidogo kikitetemeshwa, kwenye ganda lake karibu na spika ya mlio. Hicho kitahitaji uvumilivu zaidi kwa sababu meza nayo hutetemeka mashine zikifanya kazi. Kwa vyovyote, hakuna waya hata mmoja kati yako na kituo. Upande wa taa yenyewe ni volti 240, kwa hivyo rilei iwe ndani ya sanduku lililofungwa, na nyaya zake zisikaribiane na za Arduino.

Taa za ua nazo zina njia nzuri kuliko unavyodhani. Tafuta mashine ya kujibu simu ya zamani iliyoidhinishwa, ya aina inayomsikilizisha mwenye nyumba kwa spika wakati mpigaji anaacha ujumbe. Hiyo itapokea simu kwa niaba yako, itashika laini kama inavyotakiwa, na itakata yenyewe. Wewe weka maikrofoni ndogo mbele ya spika yake, ipitishe kwenye kikuza sauti kidogo, halafu kwenye chipu ya MT8870 yenye kristali ya megahezi 3.58. Kila kitufe cha simu hutoa sauti mbili kwa pamoja: tarakimu 5, kwa mfano, ni hezi 770 na 1336. Chipu hutambua jozi hiyo na kuipa Arduino tarakimu kwa biti nne. Usiku karakana iko kimya, na usiku ndio unaotaka taa. Weka namba ya siri ya tarakimu nne kabla ya kukubali amri yoyote, kwa sababu namba ya simu ya karakana imeandikwa ukutani na kila mtu anayo.

Moduli ya laini ya mkononi ya aina ya SIM800L inafaa pia kwa kazi hiyo ya pili, na vijana wengi wameizoea. Haigusi waya wa shaba kabisa. Ila ni redio, na uidhinishaji unaihusu vilevile, kwa hiyo nunua iliyo na alama zake. Na uilishe vizuri: inapotuma huvuta mpaka ampea 2 kwa kishindo, na kwa volti zisizozidi 4.4. Wengi wanaosema moduli imekufa wameinyima umeme tu.

Kuna jambo moja ukalitazame kabla ya yote. Fuata waya wa simu ya mjomba mpaka mwisho wake. Shaba nyingi mijini iliibwa au kuachwa, na simu nyingi za mezani sasa hutoka kwenye kisanduku cha faiba au kwenye ruta. Kama ni hivyo, zile volti 48 na za mlio zinatengenezwa ndani ya kisanduku hicho. Hutamfikia fundi wa barabarani, lakini kisanduku ni dhaifu kuliko kituo, huchoka kuliza simu nyingi kwa pamoja, na ukikiunguza mjomba atakosa simu na intaneti vyote viwili.

Najua bado unatamani kujenga saketi ya kuungwa moja kwa moja, na sitaki tamaa hiyo ife. Tafuta laini yako mwenyewe. Hoteli na ofisi za hapa zinapobadilisha mitambo huuza PABX ndogo (mtambo wa kuunganisha simu za ndani ya jengo) kwa bei ya vyuma chakavu, na adapta za simu za intaneti zipo nyingi za mtumba. Chomeka simu mbili, moja ikiwa nambari 601 na nyingine 602, na una kituo kizima juu ya meza, kisichoungwa na mtu yeyote nje. Baadhi ya mitambo hiyo hutoa volti 24 tu simu ikitulia, kwa hivyo pima kabla ya kuchagua vipuri, na ukumbuke kwamba volti zake za mlio zinauma kama za kituo. Hapo jenga kigundua mlio cha optokapla niliyokupa, halafu ongeza transfoma na rilei ya kuinua laini. Jaribu hasa jambo linalowashinda wengi, ambalo ni kukata. Mpigaji akiweka simu chini, saketi yako haiambiwi kitu. Mara nyingi husikia mlio tu, na isipoutambua itaishikilia laini mpaka asubuhi. Kwa hiyo iwe na kipima muda kisichotegemea programu kuu, kinachoachia rilei baada ya dakika moja hata maikrokontrola ikiganda. Chomoa umeme katikati ya simu, urudishe, uone kama laini iko huru. Rudia ukiwa umelowesha sanduku kwa mvuke wa sufuria, maana hewa ya Changamwe mwezi wa Mei haina tofauti kubwa na hiyo.